Anayepumua Ndani ya Maji

Mama mkwe wangu alizikwa Kilosa siku ya manyunyu, na kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba marehemu hakuwahi kumkwaza mtu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, sahani ya wali wa msiba bado iko mapajani, na tonge lililokuwa mdomoni likakataa kushuka. Simchukii marehemu. Nilimpenda kwa namna yangu, na kwa miaka mingi zaidi ya ile niliyompenda mwanawe. Kilichonichefua ni kuona mtu akioshwa mara mbili. Mara ya kwanza walimwosha kwa maji na sabuni, na hiyo ni haki yake. Mara ya pili wakamwosha kwa maneno, wakasugua mpaka akabaki hana harufu, na waliokuwa wakilia wakawa wanamlilia mwanamke ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kukaa naye. Mimi nilikaa naye. Alinuka moshi wa kuni, dagaa na mafuta ya mgando, alirusha mate akiongea, na mwaka ule wa mimba yangu ya kwanza alinikwaza kutwa kucha, mpaka karibu aniue mimi na kilichokuwa tumboni, kwa sababu ya upendo. Huo ndio wasifu ninaoujua, na hakuna aliyeniomba niusome.

Baada ya maziko sikurudi nyumbani, maana sina nyumba moja ya kurudia. Nimeuza mchele Ifakara, mitumba Makambako, viazi Tunduma, na sasa nimefika umri wa kuitwa mama na vijana wenye ndevu, lakini miguu haijajifunza kutulia. Nina ugonjwa mwingine mbaya kuliko huo: kila nikipita mji niliowahi kuishi, lazima nikachungulie chumba. Kwa hiyo nilipanda gari la Mikumi, nikashuka barabara kuu, nikazunguka nyuma ya maduka mpaka kwenye chumba nilichopanga na Gaspa, huyo mwanawe, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Siku hizi kinatengenezewa simu. Fundi aliinua kichwa akaniuliza, "Mama, una simu imekusumbua?" Nikamwambia hapana mwanangu, natazama tu. "Tazama, mama," akasema, "kutazama hatujaanza kutoza." Dirisha lilikuwa lilelile, na ukuta wa nyuma ulikuwa uleule ambao abiria wa mabasi ya Mbeya walikuwa wakishuka na kuukojolea. Wanaukojolea bado. Rangi imebadilishwa, mlango umebadilishwa, mkojo umebaki. Nilisimama pale nimeziba pua kwa kanga ya msibani, na mwaka ule wote ukanirudia kupitia puani, kama ulivyoniingia.

Wanawake wengine husimulia mimba yao ya kwanza kana kwamba walibeba ua. Mimi nilibeba kinyaa. Kila kitu Mikumi kilikuwa na harufu na kila harufu ilikuwa na mkono wa kuniingia kooni: breki za malori zilizoungua kwa kushuka milima, kuku wa kukaanga kwenye mafuta ya wiki iliyopita, kinyesi cha nyani juu ya bati. Gaspa alikuwa anaendesha trekta la kuvuta miwa Ruhembe, na alipokuja mwisho wa juma alikuja na masizi ya miwa iliyochomwa, matamu na machafu, yamemganda shingoni na ndani ya masikio. Alitaka kunikumbatia. Nilimwambia akaoge kwanza, akaoga, akarudi bado ananuka sukari iliyoungua, nikamwambia akaoge tena. "Sasa wewe unataka nioge mpaka ngozi itoke," alisema. Nikamjibu kwamba ikitoka nayo aiache huko huko nje. Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka wakati ule. Sikumwambia kwamba nilijichukia mwenyewe pia, mate yaliyokuwa yakijaa mdomoni bila kukaribishwa, kopo la kutemea nililotembea nalo, mstari mweusi ulioanza kushuka tumboni kama njia ya siafu.

Kwenye kliniki ya pale mjini kulikuwa na nesi mmoja aliyeitwa Bahati, mnene, mwenye sauti ya mtu anayeuza nyanya, na alikuwa amepelekwa kujifunza kile kipimo cha picha ambacho sote tuliita utrasaundi. Nilipelekwa kwake mimba ikiwa katikati, miezi mitano na kitu, kwa sababu nilikuwa nakonda badala ya kunenepa. Alinipaka tumboni jeli ya baridi, ute mtupu, nikageuza uso. "Usigeuze uso, mama kijacho, mwanao huyu hapa anakusalimia," akasema, akanigeuzia kile kioo. Nikaona kijivu kinachotembea ndani ya kijivu. Akanionyesha kichwa, akanionyesha mgongo ulio kama kitana, kisha akasimamisha kidole chake kwenye kitu kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka, kikatulia, kikapanda tena. "Ona kifua. Anapumua."

Nikamuuliza anapumua nini, wakati mule ndani hakuna hewa. "Maji," akasema. "Si kupumua kama mimi na wewe. Anafanya mazoezi. Wanaanza mapema, mimba ya miezi mitatu tu hivi utakuta kifua kinacheza mara moja moja, kama mtu anayejaribu ufunguo. Akikua, vipindi vinakuwa virefu, vinakuja kwa mpangilio. Anavuta maji kidogo, anayarudisha. Mapafu yanatanuka, yanakua. Mtoto asiyefanya hivyo mapafu yake yanabaki madogo." Nikamuuliza hayo maji yanatoka wapi. Bahati alikuwa anafuta kifaa chake kwa kitambaa, akanitazama kama mtu anayepima kama ninaweza kubeba mzigo. "Umri huu mengi ni mkojo wake mwenyewe," akasema. Nikatapika pale pale, kwenye beseni aliloniwekea kabla sijamaliza kuinama. "Nilijua," akasema. "Wengine hucheka. Wewe nilijua utatapika." Nilipopata pumzi nikamwambia kumbe sote tumelelewa chooni, na akacheka mpaka mwenzake wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Ilipokaribia miezi saba, Gaspa akaamua niende Kilosa kwa mama yake. Mimba ya kwanza hailelewi na mwanamke peke yake, ndivyo walivyosema, na mimi upande wangu sikuwa na mama wa kunipokea. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma ya tuta lililojengwa kuzuia mto Mkondoa, na ndani yake waliishi mama mkwe na wifi yangu Skola, msichana wa rika langu ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. Chumba walichonipa kilikuwa na alama ya maji ukutani, mstari wa matope juu kidogo ya goti, kumbukumbu ya mwaka ambao mto ulipanda tuta na kuingia bila hodi. Kila walipopaka chokaa, mstari ulirudi. Chini ya kitanda kulikuwa na magunia ya mahindi yaliyopata unyevu, na yakanuka kama soksi. Asubuhi tulikula uji, mchana ugali na mlenda, jioni ugali na dagaa. Mlenda ule nauona mpaka leo. Mama mkwe alikuwa anauinua kwa tonge, unavutika, haukatiki, anauzungusha mkono hewani kama anayekunja uzi, kisha anameza na kunitazama. "Kula, mwanangu. Mlenda unamlainishia mtoto njia." Nilikula nikiwa nimefumba macho. Nikifumbua, nilimwona Skola anajizuia kucheka. "Mama, mwache wifi," alisema siku moja, "kwao Mikumi wanakula chipsi na nyani."

Kulikuwa na mikono. Hicho ndicho wasichokiandika kwenye wasifu. Kila mwanamke aliyepita pale kuazima moto au chumvi aliweka kiganja tumboni mwangu bila kuniomba, viganja vyenye magamba ya dagaa, viganja vyenye unga, na wakaongea juu yangu kama wanaokagua ng'ombe mnadani. Limekaa juu, ni wa kike. Limechongoka, ni wa kiume. Anakula udongo huyu? Hali? Basi atazaa mtoto mwembamba. Mama mkwe akaniletea udongo wa kula kwenye kipande cha gazeti, nikaulamba, na huo peke yake ndio nilioupenda mwaka mzima, kwa sababu ulikuwa na harufu ya mvua na si ya mtu.

Kosa lilianza kwa kicheko. Tulikuwa tunachambua mchicha uani, Skola akaniuliza kama ni kweli ile mashine ya Mikumi inamwonyesha mtoto, nikamsimulia yote, kifua kinachopanda na kushuka, maji, mkojo. Nilimsimulia kama kichekesho. Skola akacheka mpaka akadondosha ungo. Mama mkwe alikuwa mlangoni, na yeye hakucheka. "Umesema anapumua maji," akasema. Nikamwambia ndiyo mama, ni mazoezi tu. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akaweka kiganja chini ya kitovu. Na kwa bahati mbaya, mtoto alikuwa na kwikwi saa ile. Ilikuja mara nyingi siku hizo, tik, tik, tik, kishindo kidogo cha mpangilio kama saa iliyofungwa ndani ya mto wa kulalia. Mama mkwe aliisikia mkononi mwake na nikaona uso wake ukibadilika rangi. "Huyu anakabwa," alisema kwa sauti ya chini. Akanyanyuka, akaenda kusimama upande wa tuta, akaanza kuongea peke yake kwa lugha ya kwao, ile ambayo baba yake alikuja nayo kutoka Tabora enzi za mashamba ya mkonge.

Ni Skola aliyenieleza jioni ile, safari hii bila mzaha. Kabla ya Skola kulikuwa na Fidelis, mdogo wake Gaspa. Mto uliposhuka baada ya mvua alikwenda na kaka yake kuokota kuni zilizoletwa na maji, ukingo ukamomonyoka. Walimpata kwenye matete. Mama mkwe alimtoa mwenyewe, akamlaza kwenye mchanga, na kifua cha mtoto kilikuwa bado kinapanda na kushuka, maji yanatoka puani, yanarudi, yanatoka, mpaka yakaacha. "Kwa hiyo wewe ukisema mtoto anapumua maji," Skola aliniambia, "mama hasikii mashine. Anamwona yule." Nikamwambia basi nitamweleza vizuri. "Utamweleza nini, wifi? Wewe una kidato cha nne. Yeye alimshika mkononi."

Watu wa tuta wana elimu yao, na elimu ile haikukosea mara nyingi. Wanajua rangi ya maji yatakayopanda usiku, wanajua sauti ya ukingo kabla haujaanguka, na walijua kwamba mtu aliyezama hutolewa kwanza, maswali baadaye. Walichanganya tu mto na tumbo. Na juu ya hilo wakaongeza jambo moja ambalo nimelikuta tangu Ifakara mpaka Tunduma, kwamba mtoto wa miezi saba anapona ila wa miezi minane hawezi kupona. Nililisikia likizungumzwa jikoni, mimi nikiwa nimejilaza chumbani upande wa pili wa ukuta ambao haukufika darini.

"Wa saba anapona," mama mkwe alisema. "Gaspa mwenyewe ni wa saba, nilimlea kwenye pamba na chupa za maji ya moto."

"Na wa nane?" Skola aliuliza, ingawa alijua.

"Umewahi kumwona wa nane akitembea mjini? Huyu akiingia wa nane tumemkosa. Atolewe sasa, akiwa bado ana nguvu ya kulia."

"Mama, nesi alisema ni mazoezi."

"Nesi yuko Mikumi, juu mlimani. Amezamiwa na nani huyo?"

Gaspa aliletwa kutoka Ruhembe. Nilitegemea atacheka, anishike mkono turudi kwenye chumba chetu chenye mkojo. Alikuja na masizi yake, akakaa kwenye kigoda, akamsikiliza mama yake mpaka mwisho, na nikaona jinsi mwanamume mzima anavyoweza kurudi kuwa mtoto anayeokota kuni. Hakunitazama. "Mama anayajua maji, Kadia," alisema. Nikamuuliza kama yeye anataka mtoto wake atolewe mbichi kama muwa wa mwizi. Akasema anataka mtoto hai. Nikamwambia hata mimi. Akainuka akaenda kunawa uso, akanawa muda mrefu mno kwa mtu mwenye uso mmoja, na nadhani ni pale, nikiangalia mgongo wake umeinama juu ya ndoo, ndipo kitu kati yetu kilipoanza kuoza. Tuliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Lakini nilijua harufu yake.

Dawa ilitoka Lumuma, kwa mwanamke aliyejulikana kwa kuharakisha uchungu. Ililetwa ndani ya chupa ya maji ya kununua, mizizi imevimba ndani kama vidole vya mtu aliyekaa mtoni. Mama mkwe aliichemsha alfajiri, akaimimina kwenye kikombe cha plastiki cha rangi ya chungwa, akaniletea kitandani kabla sijala kitu. Ilikuwa nyeusi, ina povu juu, na harufu yake ilikuwa ya ngozi ya mbuzi iliyolowekwa. Gaspa alisimama mlangoni. Skola alikaa miguuni pangu, akanishika kifundo cha mguu, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Kunywa, mwanangu," mama mkwe alisema. Alikuwa analia. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba alikuwa analia kweli, machozi yanamwingia mdomoni akiongea. "Huyo humo ndani anatapatapa. Anakuita, humsikii. Mimi namsikia." Sikuwa shujaa. Ningependa kuandika kwamba nilikataa, nikasimama, nikasema maneno. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa peke yangu katika nyumba ya watu, na tayari nilikuwa nimeanza kuiona kwikwi ya mwanangu kama yeye alivyoiona. Nilichukua kikombe. Nikatia mdomoni.

Kinyaa ndicho kilichokataa. Ulimi ulikataa, koo likakataa, tumbo lililokuwa limenitesa tangu mwezi wa pili likapanda lote kwa pamoja, na dawa ikatoka na nyongo ya usiku mzima, ikaenda kwenye shuka, kwenye mkono wa mama mkwe, kwenye ukuta, chini ya ule mstari wa mafuriko. Kikombe kilianguka. Mama mkwe akasema tuongeze kidogo, polepole, na nilipoona anainama kuchukua chupa nikatapika tena bila hata kuionja. Nikatapika kila alipoisogeza. Mwishowe Gaspa akasema, "Mama, acha," na akasema tena, kwa nguvu kidogo, na hilo nimemwekea akiba mpaka leo. Nikavaa viatu. Nilisema nakwenda Mikumi kwenye ile mashine, na anayetaka kumwona mtoto anavyozama aje akamwone mwenyewe. Nilidhani mama mkwe hatakuja. Nilipofika kituo cha mabasi nilimkuta tayari kwenye benchi, amejifunga kanga mbili, na chupa ya dawa iko kwenye kikapu.

Barabara ya Kilosa mpaka Mikumi ilikuwa ya vumbi na mashimo. Hatukusemezana mpaka Masanze, ambapo alininunulia ndizi mbivu mbili kupitia dirishani, akanimenyea moja, akaishika kwa ganda ili vidole vyake visiguse, kwa sababu alikuwa ameshanijua. Nilizila zote.

Bahati alimsikiliza akiwa amesimama. "Shikamoo, mama," alimwambia kwanza, na mama mkwe akajibu marahaba kama anayepokea mashtaka. Nesi akanilaza, akanipaka ule ute wake, akamvutia mama mkwe kiti karibu na kioo kiasi kwamba pumzi yake ilikipaka ukungu. Kifua kilionekana mara moja. Kilikuwa kinacheza kwa kasi, kinapanda, kinashuka, kinapanda. Mama mkwe alitoa sauti ndogo akasukuma kiti nyuma. "Amekula nini huyu?" Bahati aliniuliza. Nikasema ndizi. "Ndiyo maana. Mama akila, sukari ikifika, anapumua zaidi. Mama akinywa pombe, anaacha. Mtoto akilala fofofo pia anaacha, halafu anaanza tena. Mtoto anayezama hapumziki, mama. Kaa umtazame huyu." Tukakaa. Sijui ilichukua muda gani. Kifua kilicheza, kikatulia kabisa, na katika utulivu ule mtoto akanyoosha mguu, akajikuna usoni kama mzee aliyelala kibarazani. Kisha kikaanza upya. Mama mkwe alikuwa hapepesi.

"Na hii ninayoisikia mkononi, tik, tik?"

"Hiyo ni kwikwi. Kupumua kwenyewe huwezi kukusikia kwa mkono, hata mama mtu hakusikii. Kwikwi si kukabwa. Ni mtoto mzima tu."

"Hewa anaipata wapi?"

Bahati akasogeza kifaa, akamwonyesha kitu kilichojisokota kama mkufu, ndani yake kitu kinadunda. "Hapa. Kamba ya kitovu. Kila anachohitaji kinapita hapa kutoka kwa mama yake, hewa humo humo. Maji ya kifuani ni ya kukuzia mapafu tu. Hayawezi kumzamisha, kwa sababu mtoto hayategemei."

Mama mkwe aliitazama ile kamba muda mrefu. Alisogeza kidole mpaka karibu aguse kioo. "Wangu hakuwa na kamba," alisema. Bahati hakujua anamzungumzia nani. Mimi nilijua, na nikageuza uso, si kwa kinyaa. Baadaye nesi alisema jambo la miezi minane ni uongo, kwamba kila wiki mtoto anayoongeza ndani mapafu yake yanakomaa zaidi, na wa nane hupona kuliko wa saba. Mama mkwe hakubishana, wala hakukubali. Alipotoka nje alimwaga chupa ya dawa kwenye mtaro wa barabara kuu, mizizi ikanasa shingoni mwa chupa, akaigonga chini mpaka ikatoka. "Gaspa ni wa miezi saba na anatembea," alisema, kama mtu anayejiwekea akiba.

Hakurudi Kilosa. Alibaki kwenye kile chumba cha Mikumi, akalala kwenye mkeka chini ya dirisha, na nilipata adhabu nyingine. Alikoroma. Alikata kucha za miguu kwa wembe akazipanga juu ya kigae. Alikula mifupa ya samaki na kuitema kiganjani. Kila nilipomaliza kula alisogea, akatazama tumbo langu kama televisheni, akasema, "Sasa hivi anapumua." Aliwasimulia majirani, na nikasikia kupitia dirishani jinsi alivyoieleza, kwamba mtoto ndani anajifunza kazi kabla ya kuajiriwa. Mwanamke mmoja akamuuliza kama ni kweli kwamba yale maji ni mkojo. "Na wewe uliyanywa," mama mkwe akamjibu, "na angalia ulivyonawiri."

Mwezi wa tisa ulipoiva, kwikwi ilipungua. Bahati alikuwa ametuambia kwamba uchungu ukikaribia, kupumua kwa mtoto hupungua, lakini akatuonya tusikae nyumbani na maneno yake: mtoto asipocheza kama kawaida, tuje. Siku moja nikahisi ametulia kuliko nilivyozoea, tukaenda. Alinipima. Kifua kwenye kioo kilikuwa kimya. Tulikitazama, kikawa kimya, tukaendelea kukitazama. Mama mkwe alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa na jasho la kunata, na kwa mara ya kwanza sikuutoa wangu. "Ameacha," alisema. Bahati akatusikilizisha moyo, unakimbia kama farasi. Akatuonyesha mkono unakunjuka na kukunjika, mguu unasukuma, maji yametosha. "Moyo mzuri, viungo vinacheza. Kifua kimepumzika, amekaribia safari," akasema. "Lakini leo hamrudi nyumbani. Mtalala hapa nimwangalie." Mama mkwe hakumuuliza anajuaje. Aliuliza tu choo kiko wapi, akaenda, na akakaa huko mpaka nikatuma mtu.

Uchungu ulinianza kesho yake asubuhi, na sitauandika, maana walioupitia wanaujua na wasioupitia watajifanya wanaujua. Mchana mtoto alitoka. Alikuwa wa bluu na kijivu, amepakwa kitu cheupe kama samli iliyoganda, na alikuwa kimya. Bahati alimfuta, akamsugua mgongo kwa kitambaa kama anayefua kola. Nikaona kile kifua, kile kile, kikiingia ndani sana chini ya mbavu, kikasimama, na sauti iliyofuata haikuwa nzuri. Ilikuwa ya kukwaruza na yenye maji, kama pampu ya kisima inayoanza. Kisha akalia. Ni wa kiume. Walionishika tumbo kule Kilosa walikuwa wamegawanyika, kwa hiyo nusu yao walisema walijua.

Jioni, wodini, pua yake ikaanza kukoroma. Kila akivuta hewa kulikuwa na kitu kinachobubujika ndani, na Bahati alikuwa ameitwa kwa mzazi mwingine. Mama mkwe alinichukulia mtoto mikononi. Akamgeuza upande, akainama, akaweka mdomo wake juu ya pua ya mwanangu, pua yote, akavuta. Nilisikia ule mvuto. Akatema kwenye pembe ya kanga yake, akaweka mdomo tena, akavuta tena, akatema. Mtoto akapiga chafya, akanyamaza, akaanza kupumua kikavu, kwa utaratibu, kama mtu aliyefika. Mama mkwe alibaki ameinama, sikio kifuani mwa mwanangu, midomo yake inang'aa kamasi za mtoto, anasikiliza hewa ikiingia na kutoka, na nikasikia akihesabu kwa lugha ya kwao, taratibu, kana kwamba anaogopa kuikatiza.

Nikageuka ukingoni mwa kitanda, nikatapika. Alimlaza mtoto kwapani mwangu, akachukua kanga ileile, akanifuta mdomo. Sikumuuliza ni pembe ipi.